Kibao cha Bi Shinuna

Ilifika Ibra juu ya pikapu ya Mudathir,
futi nane, unene inchi mbili, imefungwa kwa kamba ya katani,
masalio ya sakafu ya ukumbi wa michezo kule Sohar.
"Mepo," akasema, "ile ngumu." Akaiangusha.
Haikulia kama msonobari, mlio wa debe tupu.
Ililia mara moja, kwa ufupi,
kama mtu anayeitika jina lake.

Nyeupe. Si weupe wa chokaa,
ni wa maziwa yaliyotiwa tone la chai,
na ubavuni mshipa wa kahawia, kiini cha mti,
ambao mafundi wengi huukata wakautupa.
Mimi niliuacha.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.
Huyu nilimpa wiki tatu.
Nilimlaza juu ya vijiti, hewa ipite chini na juu,
maana ametoka bandarini, kwenye jasho la pwani,
na huku kwetu bara upepo wa Juni
hukausha kanzu kabla hujaikung'uta.
Ukimtuma kazi hajazoea
atajikunja usiku, peke yake, bila kukuaga.
(Muulize Zahran habari ya mlango wa kabati lake.
Au usimuulize.)

Kila Alhamisi Bi Shinuna mlangoni:
"Bado?"
"Bado."
"Mti gani huu, unalala kumshinda mume wangu!"

Alitaka kibao cha kusukumia chapati.
Cha zamani kilikuwa cha mninga, kimekolea samli ya miaka arobaini,
kikapasuka katikati siku walipohama nyumba.
"Kipake rangi," akasema, "kifanane na kile."

Siku ya randa nilinoa mara nne.
Kwenye msumeno, ukisita kidogo tu, mepo huungua:
doa jeusi, na harufu ya sukari
iliyosahauliwa jikoni.
Nimesikia kwao mti huu hutobolewa
ukatoa maji matamu, watu wakayachemsha.
Sijui. Mimi nimeujua kwa moshi wake.
Skrubu usiisukume kabla ya keekee;
itakatika shingo, ibaki humo humo ikikucheka.

Rangi niliijaribu kwenye kipande.
Hapa ikanywa, pale ikakataa,
mabaka matupu,
uso wa aliyelia na wanja machoni.
Nikamwonyesha. Akakitazama kipande, akanitazama mimi,
kana kwamba mabaka ni yangu.

Basi nikamwambia: mpe kidole.
Vinyweleo vyake vimefumba, donge halitashika,
unga utaupangusa kwa kiganja.
Kisu kikimteleza mjukuu wako
kitaacha mkwaruzo, si jeraha.
Ila usimloweke kwenye beseni, usimwache uani;
ugumu wake wote ni wa ndani ya nyumba,
mvua na mchwa hawezi.

Nikakipiga msasa mpaka kikawa na ngozi.
Nikakipaka mafuta, tambara mkononi,
na nyuzi zilizojificha zikajitokeza moja moja,
nyembamba, kama maandishi ya mwenye haya.

Alikipokea kwa mikono miwili.
Akakigeuza. Akaukuta mshipa wa kahawia
ukikata kona, upana wa vidole viwili,
rangi ile ile ya mninga wake.
"Hapa umepaka."
"Sijapaka. Amezaliwa nao."

Dole gumba likabaki pale, muda.
Nje kompresa ya jirani ikanguruma, ikazima.
Nilidhani atasema neno,
nikajishughulisha na kufagia vumbi lililokwisha fagiwa.

"Na mti wa kusukumia uko wapi?" akauliza.
"Au kibao hiki kinajisukuma chenyewe?"

Nilipimia kwa macho kile kilichobaki
ukutani: futi moja u nusu, iliyonyooka.
Nilikuwa nimekiwekea mpini wa randa yangu.
Bi Shinuna alikwisha kukichukua,
yuko kwenye jiriwa, ananionyesha pa kukata.